Mguu uliovunjika haulipwi sawa kwa kila mtu

Huenda ukashangaa kwamba abiria wawili waliovunjika mguu katika ajali za matatu hupewa fidia zinazotofautiana mno, lakini katika mahakama za Kenya tofauti hiyo ina sababu zake. Kwa maumivu yenyewe, hakimu husoma ripoti ya daktari, hasa kiwango cha ulemavu wa kudumu, kisha hulinganisha na hukumu za awali zenye majeraha yanayokaribiana, akizingatia pia mfumko wa bei tangu zilipotolewa. Gharama zilizokwisha kutumika ni suala jingine: sharti zitajwe katika madai na kuthibitishwa, na hapa ndipo wanyonge wanapoumia, kwa kuwa aliyenunua dawa na magongo bila kuweka risiti hana cha kuonyesha, hata kama aliuza ng'ombe ili ajitibu. Kwa mapato yaliyopotea, afadhali mahakama zimekubali kwamba mama mboga asiye na hati ya mshahara anaweza kuyathibitisha kwa njia nyingine.

Mdai akipatikana alichangia ajali kwa asilimia 30, fidia hupunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Zaidi ya hayo, Sura ya 405, yaani sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa wanaoumizwa barabarani, hailazimishi kampuni ya bima kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kikomo hicho, kwa maoni yangu, ni kidogo mno kwa kijana aliyepooza, maana salio itambidi amdai mwenye gari, ambaye huenda hana mali yoyote ya kunadiwa.