Sindano ya tumboni

Watu wa nyumbani Mtwara wakinipigia ni kuniambia we uko Uingereza umetulia, hospitali bure, sijui nini. Haya, ngoja niwape ya mimba yangu ya tatu, nikiwa na miaka 39.

Vipimo vya mwanzo vikatoka 1 kwa 90 mtoto kuwa na Down, ile hali ya kuzaliwa nayo, mtoto anachelewa kukua na kujifunza. Huku ikifika 1 kwa 150 tu wanakuita. Mume wangu, Mmwera wa Lindi, kingereza bado hakijakaa, tukawekewa mkalimani kwenye simu, kaka wa watu akatafsiri "mna nafasi kubwa", mume akasema alhamdulillah! Nikamkanyaga mguu. Siku hizi hawapendi kutamka neno hatari, wanatumia neno laini, "chance", ndo likamponza mkalimani.

Mkunga akaeleza ile sindano, inapita tumboni huku wanaangalia kwenye ultrasaundi, wanavuta maji ya uzazi kidogo, kuanzia wiki ya 15. Mimba inaweza kutoka, ni chini ya 1 kwa 200, infeksheni mara chache, na mimi kwa vile damu yangu ni negativu ningechomwa na nyingine ya anti-D, ya kuzuia mwili wangu usije ukaishambulia damu ya mtoto. Au kuna kipimo cha damu ya mkononi, hakimgusi mtoto ila hakitoi jibu la uhakika. Au msipime kabisa, ni juu yenu.

Hilo la mwisho sijawahi kulisikia hospitali maisha yangu yote. Mtoto wa kwanza nilimzaa huko kwa operesheni, karatasi kasaini shemeji nje ya mlango, mimi naambiwa tulia mama. Najua manesi wamezidiwa, lakini kumwambia mtu damu hii tunapimia nini ni sekunde ngapi?

Huku nako ukishaelezwa unapewa kikaratasi, kwaheri. Usiku niko jikoni na 90 yangu na 200 yangu kama napima korosho. Nikampigia mama Mikindani, akauliza, wakisema ndiyo utaitoa? Hapana mama. Sasa sindano ya nini? Hapo sikukubaliana naye, karibu nusu ya watoto wenye Down wanazaliwa na tatizo la moyo, mtu anaweza kutaka kujua ajipange mapema azalie wapi.

Tukapima ya mkononi, ikaja vizuri, sindano nikaikataa na hakuna aliyenuna.

Mdogo wangu huko sasa ana mimba ya miezi minne. Nimemwambia Jumanne kliniki wakimtoa damu aulize ya nini. Kanijibu, "Dada, wewe una siku nyingi hujatukanwa na nesi."