Tazama pale mpingo unapokutana na dumu

Sebuleni kwangu Kinondoni nina sanamu ya mwanamke. Kiwiliwili ni cha mpingo, kichwa kimekatwa kwenye dumu la njano la mafuta ya kula, na mpini wa dumu ndio pua. Njia hii msanii Romuald Hazoumè wa Benin ameifikisha mbali kwa barakoa zake za madumu. Sanamu yangu niliinunua wakati wa masika. Kiangazi kilipokolea, kichwa kilidondoka usiku, kikabingirika mpaka chini ya kochi.

Nilipokiokota nikaona shingo imepakwa gundi tu, basi. Plastiki ya dumu ina utelezi, gundi nyingi haziishiki. Tena joto huitanua, wakati mpingo unaoendelea kukauka unasinyaa. Vitu viwili vinavyovutana kila siku vilikuwa vimeshikizwa kwa utando mwembamba kuliko ukucha.

Tangu hapo, nikiingia kwenye maonyesho, macho yangu hukimbilia kwenye kiungo. Nataka kuona mti na plastiki vimekutanaje.

Naona hapa Dar tunazizungumzia kazi hizi kwa namna mbili, na zote zinanisononesha. Wapo wanaosema kinyago ni mti peke yake, ukitia plastiki umeharibu. Lakini Wamakonde wenyewe, kwenye barakoa za mapiko, ngoma yao ya jando, walipandikiza nywele halisi za watu na kuchora chale kwa nta ya nyuki. Kuchanganya hatukufundishwa na mtu.

Wengine husifu taka. Hotuba za ufunguzi hueleza chupa ngapi zimeokotwa ufukweni, wageni wanapiga makofi, hakuna anayezunguka nyuma ya sanamu. Uchafu unaoshushwa baharini na Mto Msimbazi unaniuma, na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 niliipokea kwa mikono miwili. Ila mchongaji ukimpimia kazi yake kwa kilo za taka, umemnyima jicho lako, na jicho ndilo alilokuja kuliomba.

Nendeni Mwenge mkae na wachongaji nusu siku. Mpingo ni mti wa kukua taratibu mno, gogo lake huzama majini, na tezo isiyonolewa haiufanyi kitu. Ukikaushwa haraka hupasuka, kwa hiyo wengine huziba ncha za gogo kwa nta ili unyevu utoke polepole. Kiini ni cheusi, nje kuna tabaka jeupe, na fundi mzuri huamua mapema jeupe lipi libaki liwe ukingo wa kanga au mvi za mzee. Ujuzi huo umo vidoleni mwao.

Plastiki nayo naidai hivyohivyo. Ina tabia zake. Dumu likiachwa juani miaka mingi hukakamaa na kumeguka, kwa hiyo sanamu ya uwanjani na ya sebuleni haziwezi kutengenezwa sawa. Sponji ya kandambili hubonyea na kurudi. Kipande chake kikiwekwa kati ya mti na plastiki ngumu hupokea ule mvutano. Anayejua hayo anachonga. Asiyejua anabandika.

El Anatsui, Mghana aliyefanyia kazi Nsukka, Nigeria, kwa miaka mingi, alichonga mbao kabla ya kugeukia vifuniko vya chupa za pombe. Maelfu ya vifuniko hufungwa kwa waya wa shaba, na kwa kuwa kila kifundo kinacheza, kazi yote hulala ukutani kama kitambaa na huweza kutundikwa upya kwa mkunjo mwingine. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelewa lililovishwa vipande vya kandambili, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Waliolijenga ni watu waliozoea kuunda majahazi ya mbao. Bahari haina huruma na kiungo kibovu.

Kichwa cha mwanamke wangu nilikipeleka kwa mzee mmoja pale Mwenge. Alikigeuza, akakwangua gundi yote bila kusema neno. Akatoboa dumu kwa msumari wa moto, akatoboa mpingo kwa keekee, matundu ya plastiki akayaacha mapana kidogo. Kisha akakata duara la kandambili kuukuu ya bluu, akaliweka shingoni, akashona vyote kwa mshipi wa kuvulia samaki, mshono wa nje, unaoonekana.

Nikamuuliza kama ataufunika kwa rangi.

“Uufunike wa nini, mwanangu? Huo ni ushanga wake.”

Kiangazi cha pili kimepita. Ukikigusa kichwa kinatikisika kidogo, kisha kinatulia.