Lipeni mtu anayeongea na mtoto, vitabu vitafuata

Leo nataka niongelee hela, zile ruzuku zinazotolewa kwa vikundi vya jamii vinavyosaidia watoto wadogo, kuanzia wachanga mpaka wa miaka mitano sita hivi, wapate lugha na baadae waweze kusoma. Nimeshiriki kuandika maombi ya hizi ruzuku mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu, nimejaza fomu, nimehesabu viashiria, nimemalizia ripoti za robo mwaka usiku wa manane, na kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu ngoja leo nikiseme. Hela nyingi inalipia vitu na inamwacha mtu. Inanunua vitabu, makabati, mabango, semina ya siku mbili, uzinduzi wenye picha, lakini yule anayekaa na watoto kila siku asubuhi anaandikwa kwenye bajeti kama mtu wa kujitolea, posho kidogo, na miezi kumi na mbili ikiisha nae anaisha.

Nieleze kwanza huyo mtu anafanya nini manake nadhani wengi wanaopitisha hizi bajeti hawajawahi kukaa wakaangalia.

Kuna mama mmoja nilikaa nae asubuhi nzima kwenye kikundi cha watoto. Amekaa chini sakafuni, mtoto wa miaka mitatu hivi kamwegemea, kitabu cha picha kiko wazi, ukurasa una ndege amelowa mvua. Mtoto akaweka kidole pale. Mama hakusoma kilichoandikwa, akauliza tu, "Huyu nani?" Kimya. Mi nikawa nataka kumsaidia mtoto jibu, yule mama wala hana haraka, anamwangalia tu usoni. "Ndege," mtoto akasema, af akaongeza, "analia." "Kwanini analia?" Mtoto akawaza mpaka ncha ya ulimi ikatoka nje, "mama yake kaenda." Sasa hapo mimi ningemsahihisha, ningesema hapana ndege amenyeshewa, yule mama akauliza "kaenda wapi sasa?" na mtoto akaanza stori ndefu ambayo nusu yake sikuielewa. Ukurasa mmoja ulichukua kama dakika nne, na ndani ya hizo dakika nne mtoto ametunga sababu, ametaja hisia, amepanga matukio, ametumia maneno ambayo kitabuni hayamo kabisa.

Hiyo ndo kazi yenyewe. Vingine vyote ni vya kuisaidia hiyo.

Na sio hisia zangu tu. Watu wengi waliopo kwenye hii sekta wamesikia habari ya pengo la maneno milioni 30, ilitoka kwa Betty Hart na Todd Risley, walifuatilia familia 42 kule Marekani, saa moja kila mwezi kwa miaka kama miwili na nusu, wakachapisha mwaka 1995, wakasema watoto wa familia maskini wanasikia maneno machache mno ukilinganisha na wa familia zenye uwezo. Ile namba ikasambaa kila mahali, mikutanoni, kwenye maombi ya fedha, mimi mwenyewe nimeitumia. Baadae watafiti wengine wakaihoji, familia 42 ni chache na za kipato cha chini kabisa zilikuwa sita tu, na mwaka 2019 Douglas Sperry na wenzake wakaonyesha kwamba ukihesabu maongezi yote yanayomzunguka mtoto, ya ndugu zake, bibi zake, majirani, tofauti ndani ya tabaka moja la kipato ni kubwa sana, kwahiyo huwezi kusema tu maskini hawaongei na watoto wao. Hilo mimi linanigusa, kwasababu ile namba ilifanya programu nyingi zianze kwa kumwona mzazi kama tatizo la kurekebishwa.

Kilichobaki kimesimama ni kwamba kurushiana maneno ndo kuna uzito. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake walipima watoto 36 wa miaka minne mpaka sita, wakarekodi maongezi ya nyumbani na wakaangalia ubongo mtoto akiwa anasikiliza hadithi, wakakuta kinachoendana na kazi ya sehemu ya lugha kwenye ubongo ni idadi ya zamu za mazungumzo, mimi naongea wewe unajibu mimi nakujibu, kuliko wingi wa maneno anayomwagiwa, na hiyo haikujali kipato cha familia. Halafu kabla ya hapo, mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake walikuwa wameshawafundisha wazazi kusoma na mtoto kwa kumuuliza na kumwacha yeye awe msimuliaji, mwezi mmoja tu, na lugha ya wale watoto ikawa mbele ya wenzao waliosomewa kwa namna ya kawaida. Yani kile alichokuwa anafanya yule mama pale sakafuni kina jina, kina tafiti, kina miaka zaidi ya thelathini kinajulikana.

Sasa fungua fomu ya maombi. Utakuta sehemu ya idadi ya vitabu vitakavyogawiwa, idadi ya watoto watakaofikiwa, idadi ya wazazi watakaohudhuria mafunzo, na kwenye bajeti kuna mstari unasema gharama za watumishi zisizidi asilimia fulani. Kwahiyo kikundi kinafanyaje, kinamgeuza mwalimu kuwa "mshiriki wa kujitolea" ili asilimia ikae sawa na hela inayobaki inaenda kwenye vitu vinavyohesabika. Sisi kuna mwaka maombi yetu yalirudishwa na mfadhili mmoja kwa sababu hiyo hiyo, mishahara ilikuwa zaidi ya nusu ya bajeti, tukaambiwa tuonyeshe "thamani zaidi kwa mtoto", tukakata siku za yule mama kutoka tano hadi mbili tukaongeza vitabu, yakapita. Naandika hivi na bado inaniuma. Thamani kwa mtoto ilikuwa ndo yeye.

Na hivyo vitabu vyenyewe, jamani. Nimeona kabati limefungwa kwa kufuli, vitabu vimenyooka kama siku vilivyotoka kwenye boksi, nikauliza kwanini, nikaambiwa vinatunzwa mpaka wakaguzi waje wavikute vizuri. Sikuwalaumu, walikuwa wameambiwa vikipotea au kuharibika watajibu. Lakini kitabu cha mtoto wa miaka mitatu kinatakiwa kichakae! Kinatakiwa kiwe na alama za mate kwenye pembe, gamba limeshikiliwa na gundi, ukurasa wa ndege umelegea kwasababu umefunguliwa mara mia. Mi ningekuwa mkaguzi ningeomba nionyeshwe vitabu vilivyochanika kwanza.

Kuna na suala la lugha ya hivyo vitabu, hili nitalipita haraka ila ni kubwa. Mtoto hawezi kuzungumza na picha kwa lugha asiyoijua. UNESCO ilishasema mwaka 1953 kwamba lugha bora ya kuanza kumfundishia mtoto ni lugha yake ya mama, na bado mpaka leo unapokea boksi la msaada lenye vitabu vizuri sana vya lugha ambayo hakuna mtu nyumbani kwa mtoto anayeiongea, na kwenye ripoti vinahesabika sawa tu na vingine.

Mfano ninaoupenda zaidi katika hii mada yote unatoka Nyuzilandi. Miaka ya 1970 Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliona lugha yao inakufa, wanaoiongea vizuri ni wazee na watoto hawaipati tena nyumbani, mwaka 1982 wakaanzisha vituo vya watoto wadogo wakaviita Te Kōhanga Reo, yani kiota cha lugha, na wazo lake ni rahisi mno, wachukue wazee wenye lugha wawaweke pamoja na watoto wachanga, wazazi wawepo, kila kitu kiende kwa Kimaori. Ndani ya miaka michache vituo vikawa mamia. Nguvu yake ilikuwa watu! Halafu mwaka 1990 vikahamishiwa wizara ya elimu, na mfumo wa fedha na wa kupima ubora ukawa ni ule uliotengenezwa kwa ajili ya vituo vya aina nyingine, vinavyoongozwa na walimu wenye vyeti, mpaka mwaka 2012 Baraza la Waitangi, ambalo ndo linasikiliza madai ya Wamaori dhidi ya serikali, likasema wazi kwamba huo mfumo uliwaumiza hawa kōhanga. Ukisoma hiyo historia unaona kitu kimoja kikubwa, masharti ya hela yanaweza kubadilisha kazi yenyewe bila mtu yeyote kukusudia vibaya. Bibi anayeijua lugha kuliko mtu yeyote anaonekana hana sifa kwasababu hana karatasi.

Najua wafadhili nao wana hofu zao na sio za kupuuza. Hela zimeliwa sehemu nyingi, na wao pia wana watu wanaowauliza, na kitabu unaweza kukihesabu wakati maongezi ya dakika nne huwezi kuyapiga picha ukayaweka kwenye ripoti. Naelewa. Ila kupima kunawezekana, mtu akae nusu saa ahesabu mtoto ameongea mara ngapi na mtu mzima akamjibu mara ngapi, arudi baada ya miezi mitatu ahesabu tena. Inahitaji kalamu na utulivu. Kikundi chochote kinaweza kujifunza hiyo kwa wiki moja na inakwambia kuhusu lugha ya watoto mambo ambayo idadi ya maboksi haitakwambia milele.

Kitu kingine ni muda, na hapa ndo nang'ang'ania zaidi. Lugha ya mtoto inajengwa miaka mitano, ruzuku inakuja ya mwaka mmoja, na ukitoa miezi ya kusaini mikataba na kusubiri hela iingie na miezi ya kufunga hesabu unabaki na kama miezi saba ya kazi. Programu ambazo watu wanazitaja kila siku kama ushahidi hazikuwa hivyo. Ile ya shule ya awali ya Perry kule Ypsilanti, Michigan, Marekani, ilienda 1962 mpaka 1967, watoto wengi walikaa miaka miwili, na walimu walikuwa wanaenda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki, kila wiki! Walimu walilipwa. Hata mpango wa vitabu alioanzisha mwimbaji wa Marekani Dolly Parton mwaka 1995 kwenye kaunti aliyozaliwa, ambao ni wa vitabu kweli, nguvu yake ni kwamba kitabu kinakuja kila mwezi toka mtoto anazaliwa mpaka anafika miaka mitano, hakiji boksi zima siku moja na picha.

Serikali nazo zina sehemu yao. Novemba 2022 kule Tashkent, Uzbekistan, nchi zilikubaliana kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa ajili ya elimu ya awali, na lengo la dunia la mwaka 2030 linasema kila msichana na kila mvulana apate malezi na elimu bora kabla ya darasa la kwanza. Nchi nyingi ziko mbali na hiyo asilimia. Wakati tunasubiri, ruzuku ndo zinashikilia maelfu ya vikundi vidogo, ndo maana nasema namna zinavyoandikwa sio jambo dogo la kiofisi.

Yule mama aliondoka. Ruzuku iliisha mwezi wa sita, iliyofuata ikachelewa, akapata kazi ya usafi mahali inayolipa kila mwisho wa mwezi, na nani atamlaumu. Nilipoenda kuchukua daftari za mahudhurio nilikuta watoto wawili mlangoni wamekaa, waliletwa na dada yao aliyekuwa hajapata taarifa.

Kama wewe unakaa kwenye ile meza ya kupitisha maombi, siku ukikutana na bajeti ambayo malipo ya watu yamechukua zaidi ya nusu, usiikate kabla hujauliza huyo mtu anafanya nini kuanzia asubuhi. Piga simu. Ukiweza nenda, kaa nae chini pale sakafuni asubuhi moja, usiongee, hesabu tu mtoto anajibiwa mara ngapi, halafu rudi mezani uisome tena ile bajeti na uandike miaka mitatu badala ya mmoja.