Kaichoreni Msasani maji yakikupwa

Mwambao wetu umeelekea mashariki. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, jua huchomoza baharini na kwenda kuzama bara, nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba. Ghuba ya Msasani, hapa Dar es Salaam, imejaliwa jambo ambalo sehemu nyingi za pwani hii hazina. Rasi imejitokeza baharini na kuikinga ghuba kwa upande wa mashariki, hivyo ukisimama upande wa ndani, pale Slipway penye maduka na migahawa, unatazama magharibi na kuliona jua likizama juu ya maji. Ndiyo maana ikikaribia saa kumi na mbili jioni hapatoshi. Watalii wapo, lakini siku hizi tumejaa sisi wenyewe: maharusi na wapambe wao, wanachuo, akina baba waliowaleta watoto kula aiskrimu, kila mtu na simu mkononi.

Machweo yale ni mazuri, nami huyapenda. Ninachokataa ni ghuba nzima kugeuzwa kuwa machweo tu. Jahazi jeusi mbele ya jua la rangi ya chungwa linauzwa karibu kila penye vinyago na picha za wageni, na ukifuta maandishi ya chini huwezi kujua kama ni Msasani, Lamu au Unguja. Mimi nashikilia kwamba Msasani inapendeza zaidi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, wakati ule ambao wageni husema bahari imekimbia, wakarudi zao vyumbani.

Bahari ya Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kwenye ghuba yenye kina kifupi kama hii, mita hizo zinafunua eneo kubwa mno. Palipokuwa na mawimbi alfajiri panakuwa uwanja. Mchanga haukauki mara moja, kwa hiyo unang'aa, na madimbwi yaliyobaki yanashika rangi ya mawingu. Nyasi za baharini zinalala kuelekea maji yalikoondokea. Ngalawa zinaegemea mirengu yake, zile mbao za pembeni zinazozuia zisipinduke. Mashua zinalala ubavu, na hapo ndipo unapoliona umbo lake lote hadi mkuku, tumbo ambalo maji yakijaa hakuna anayelijua isipokuwa mwenye chombo. Mchoraji anayetaka kujifunza kuchora chombo cha baharini ajifunze saa hiyo.

Tena saa hiyo ndiyo ya kazi. Mkamtazame fundi anayekalafati, yaani anayeziba mianya ya mashua isivuje, maana kazi yake haifanyiki mashua ikiwa inaelea. Anasokota pamba iliyolowekwa mafuta ikawa kama utambi mrefu, anailaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo kwa pigo, akisogea kidogo kidogo. Mlio unabadilika kadiri anavyoendelea. Mwanzo ni mlio mtupu wa ubao. Pamba ikishashiba unakuwa mzito, na fundi anajua kwa sikio kwamba pale pameshika. Mzee mmoja niliyemwamkia alinijibu bila kuinua kichwa, "Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kivulini. Maji yakianza kurudi ndipo nitakapopata nafasi ya kuongea." Nikakaa. Kivuli cha tumbo la mashua asubuhi kina ubuluu fulani, na juu yake rangi nyekundu na kijani za ubavuni zimechunika kiasi cha kuonyesha rangi za miaka iliyopita. Hakuna machweo yanayonipa picha ya namna ile.

Linaloniuma ni kwamba mji huu una wachoraji, tena jirani kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 upande huuhuu wa Oysterbay. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli, akauza kazi zake kwenye maduka ya Morogoro Stores, hukohuko Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza, na hadi leo ushirika wao uko hapohapo. Kutoka pale hadi maji ya ghuba ni mwendo wa miguu. Mikocheni nako kuna karakana za Nafasi Art Space, tangu mwaka 2008. Hata hivyo, ukipita penye picha za kuuza, utapokewa na simba, twiga na Kilimanjaro.

Sababu naielewa. Mnunuzi ametoka Serengeti na anataka twiga wa kupeleka kwao. Mchoraji naye ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Samaki wanachorwa pia, kwa madoa na rangi zao zote, ila mara nyingi ni samaki wasio na mvuvi, bahari isiyo na mtu. Ndipo ninapoona nafasi inapotea. Rangi ya mafuta inayong'aa, aliyoizoea mchoraji wa Tingatinga, ni ndugu wa rangi ambayo mwenye mashua anapaka chombo chake. Hakuna mtindo unaofaa zaidi kwa ubavu wa mashua, kwa mchanga uliolowa, kwa ndoo za vibua na khanga za akina mama wanaosubiri samaki washushwe. Natamani kuiona kazi hiyo ukutani, imechorwa na kijana wa hapa. Na mnunuzi naamini yupo, kwa sababu wanaojenga na kupamba nyumba hapa Dar sasa ni Watanzania, na wengi wao wanaijua harufu ya diko, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, kuliko harufu ya simba.

Lakini ili mtu achore, lazima afike na akae. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, halafu tembea kando ya ghuba uone kuta zilivyoshuka kuelekea mchangani. Rafiki yangu mchoraji aliwahi kuketi mbele ya hoteli moja, mahali ambapo maji yakijaa panafunikwa kabisa, mlinzi akamwondoa kwa kuwa hakununua kitu. Rangi kwenye ubao wake ilikuwa bado mbichi. Upande wa nje wa rasi tunayo Coco Beach, na watu wanajua ni yao. Wanakwenda Jumapili na Idi, wanakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, hakuna anayewauliza. Upande wa ndani nao unahitaji uwazi huo.

Kingine ninachokiogopa ni lugha ya "kuboresha ufukwe" inayoanza kwa kuwahamisha wavuvi. Wavuvi wakiondoka, wageni watabaki kutazama maji na maegesho ya magari. Diko lipewe maji safi, choo, barafu na mahali pa kutupa taka, maana plastiki inayoletwa na mifereji wakati wa mvua ni aibu yetu sote. Na kila kiwanja kipya kinapopimwa karibu na maji, ibaki njia ya umma, angalau ya upana wa mkokoteni wa samaki. Mchoraji na ubao wake watapita humohumo.

Kwa anayetaka kwenda: siku za bamvua, maji ya Dar es Salaam hufikia mwisho wa kupwa kama saa nne asubuhi. Fika saa mbili, jua likiwa bado chini na mchanga ndio kwanza unajitokeza. Pitia dikoni, salimia wakubwa, jieleze umefuata nini, na uombe kabla ya kumpiga mtu picha, kwa kuwa anayeparua samaki yuko kazini na ana haki ya kukataa. Nunua samaki hapohapo ukiweza. Mchoraji abebe kofia, maji ya kunywa na ubao mdogo, achague sehemu iliyoinuka kidogo. Ikigonga saa tano na ushee bahari imeshageuka, na kwenye mchanga ulio bapa namna ile inarudi haraka kuliko unavyodhani.