Tunawahi Msibani, Tunachelewa kwa Mgonjwa

Ninaandika nikiwa Bielefeld, Ujerumani, ambako huu ni mwaka wangu wa saba nikiwatunza wazee katika nyumba inayoendeshwa na kanisa. Nilizaliwa Soni, wilaya ya Lushoto, na kubatizwa katika usharika wa Kilutheri, kwa hiyo mji huu haukuwa mgeni masikioni mwangu. Misheni iliyofika milima ya Usambara mwaka 1891 ndiyo iliyokuja kuitwa ya Betheli, baada ya kuhamishia makao yake hapa, kwenye kitongoji ambacho tangu mwaka 1867 kilikuwa kikiwahudumia watu wenye kifafa. Kule kwetu mwaka 1896 kilianzishwa kituo cha Lutindi kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, kituo ambacho baadaye kiligeuka hospitali ya wagonjwa wa akili. Ninayataja haya kwa sababu kwa Wasambaa injili na kitanda cha mgonjwa vilifika pamoja, na nina hofu kwamba katika maisha yetu ya kila siku tumeviacha vikaachana.

Miaka mitatu iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye tangu utotoni nilimwita shangazi ingawa hatukuwa na undugu wa damu, alipata kidonda mguuni. Alikuwa na kisukari, na jumuiya nzima ilijua. Ibada ilipozunguka nyumba hadi nyumba, jina lake lilitajwa katika maombi, na zamu ilipofika nyumbani kwake watu waliimba, wakamwombea, wakanywa chai aliyowaandalia, wakaaga. Hospitali alikwenda mara moja, akatakiwa arudi baada ya wiki mbili, lakini hakurudi kwa sababu nauli na dawa vilimshinda, naye akaona haya kusema. Siku aliyofariki, turubai lilikuwa limekwisha fungwa kabla ya saa nne asubuhi. Vijana walichimba kaburi, akina mama wakagawana zamu za jikoni, na jioni ya maziko mhazini akasoma daftari mbele ya wote: rambirambi zilikuwa shilingi 1,380,000. Mimi nami nimo katika hesabu hiyo. Nilituma fedha kwa simu siku ileile pamoja na ujumbe mrefu wa pole, mimi niliyesikia habari za kidonda chake kwa miezi mitano bila kutuma hata senti moja.

Tangu siku hiyo hesabu ile haijanitoka kichwani. Bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa ikitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita huko vijijini, na kadi yake ilikusudiwa kumtoa mtu zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Fedha tulizochanga kwa mazishi ya mtu mmoja zingetosha kuzilipia kaya 46 mwaka mzima. Ninajua kwamba kadi si dawa, na kwamba mara nyingi mgonjwa hufika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Hata hivyo, mtu mwenye kadi angerudi hospitali ile wiki ya pili, na huenda mguu ule ungesafishwa kabla sumu haijapanda.

Huku niliko mambo yamepangwa kinyume. Ujerumani ina sheria ya bima ya afya ya wafanyakazi tangu mwaka 1883, na leo hakuna mzee ninayemhudumia anayekosa insulini kwa sababu ya fedha. Mkristo aliyeandikishwa kanisani hukatwa kodi ya kanisa, ambayo katika jimbo hili ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Shirika la Diakonia la Waprotestanti na Caritas la Wakatoliki ni miongoni mwa waajiri wakubwa nchini, wakiendesha hospitali, nyumba za wazee na vituo vya kuwasaidia walevi na watu wasio na makazi. Kwenye stesheni za treni kuna watu wa kanisa wanaompa msafiri aliyekwama chai na mahali pa kuketi bila kumuuliza dini yake, kazi iliyoanza Berlin mwaka 1894. Ninauheshimu sana utaratibu huu, kwa maana unamfikia mtu ambaye hana ndugu, hana jumuiya na hana hata jina mbele ya wale wanaomsaidia.

Lakini nimewahi kusimama kaburini na watu wanne tu: mchungaji, mhudumu wa mazishi, mwenzangu wa kazini na mimi, tukimzika mzee aliyelipa kodi ya kanisa maisha yake yote. Nilipofiwa na baba yangu nilipewa likizo ya siku mbili na kadi iliyosainiwa na wafanyakazi wote kwa upendo wa kweli, ila hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwangu. Nilikaa peke yangu chumbani nikisikiliza kwa simu nyimbo zilizokuwa zikiimbwa chini ya turubai kule Soni, na usiku ule ningeitoa bima yangu yote ili akina mama wale waniketie mkekani hadi asubuhi. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote wa nyumbani aache kwenda msibani. Kukesha na mfiwa ni huduma ambayo kanisa la huku limeipoteza, na sijui kama fedha zinaweza kuirudisha.

Ninachowaomba ndugu zangu ni kumsoma upya Msamaria. Alimkuta mtu akiwa bado anapumua, akamfunga jeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, kisha akamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mapema, akaahidi kulipa kitakachozidi. Taasisi inayoimiliki hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, imechukua jina la Msamaria huyo. Sisi tunamhubiri kila mwaka, halafu fedha zetu zinangoja mpaka aliyejeruhiwa akate roho. Wapo wanaosema matibabu ni kazi ya serikali, na ni kweli serikali inadaiwa, hasa tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipopitishwa mwaka 2023. Mkristo anayeliona hilo ana wajibu wa kulidai katika mkutano wa kijiji kwa sauti ileile anayoimbia kwaya, lakini kulidai hakumwondolei wajibu wa kuuliza, katika ibada ya jumuiya, nani wiki hii ameshindwa nauli ya kwenda hospitali. Swali hilo laweza kuulizwa kabla ya maombi, na kwa faragha, maana haya ndiyo iliyomnyamazisha shangazi.

Mwezi uliopita niliwaandikia wazee wa jumuiya yetu nikipendekeza kwamba sehemu ya mnada wa ndizi na kuku unaofanyika nje ya kanisa baada ya ibada iwekwe kwa ajili ya kadi za bima, nami nikaahidi kulipia kaya tano za kwanza. Mhazini ameniletea orodha. Pembeni mwa jina la tano aliandika kwamba mume wa nyumba hiyo ni mlevi, kwamba familia haijaonekana ibadani tangu Pasaka, na kwamba baadhi ya wazee wanaona zamu ipewe wahudhuriaji kwanza. Nimemjibu usiku huuhuu, nikamwomba jina hilo la tano liandikwe la kwanza.