Kabla ya kulaumu kikombe

Fungua daftari lolote la jaribio la enthalpia, yaani la kupima joto la mmenyuko, utakuta utetezi ule ule: "joto lilipotea hewani." Ni kweli lilipotea. Ila joto linalovuja polepole lina dawa, nayo ni rula na penseli za kuchora grafu ya nyuzi kwa dakika. Linaloniudhi mimi ni kosa la kusoma kipimajoto, maana hilo grafu hailioni.

Chukua zinki na mrututu, yaani myeyusho wa kopa salfeti. Mililita 50 za mrututu wa 0.2 M (moli 0.2 kwa lita) zina moli 0.01, na gramu 2 za unga wa zinki zinatosha na kubaki. Pima mrututu kwa pipeti, mimina katika kikombe cha plastiki ya povu kilichosimamishwa ndani ya bika, funika kwa kadibodi yenye tundu. Soma nyuzi kila nusu dakika. Dakika ya 3 usisome: tia zinki, koroga. Endelea kusoma na kukoroga hadi dakika ya 10.

Tuseme mwanzo ilikuwa 29.5, kilele kikawa 38.1 dakika ya 6, kisha ikashuka 0.4 kwa dakika. Anayekamata kilele anapata tofauti ya 8.6, yaani kama kilojuli 180 kwa moli. Anayeurudisha mstari wa mshuko kwenye grafu nyuma hadi dakika ya 3, zinki ilipotiwa, anapata 39.3, tofauti ni 9.8, na jibu linafika 205. Thamani inayokubalika ni kama 217, na alama yake ni hasi, maana joto linatoka. Kikombe ni kile kile.

Unga wa zinki ulioachwa wazi kwenye unyevu wa pwani huota utando mweupe. Mmenyuko unakawia, na kilele kinazidi kuzama.

Sasa upepo. Maabara za Malindi hufunguliwa madirisha, na kusi ikivuma haibishi hodi. Zima pangaboi, funga dirisha la upande wa meza. Kipimajoto kilichotoka majini kikipigwa na upepo hupoa kwa kukauka, kikasoma chini ya joto halisi la chumba. Kipanguse, kizamishe, subiri kitulie. Na katika jaribio la asidi na alkali, kama chupa ya asidi ilikuwa juani na ya alkali stoo, pima kila moja peke yake. Ujazo ukilingana, chukua wastani.

Asidi ya haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi, mililita 50 kwa 50, zote 1 M, hupandisha nyuzi kama 6.8 tu. Kwa kipimajoto chenye mistari ya nyuzi moja moja, ukikosea nusu mwanzoni na nusu mwishoni, asilimia 15 imekwenda. Tumia 2 M, tofauti inakuwa maradufu na kosa linabaki lile lile. Shule yenye vijisenti inunue vipimajoto vya mgawanyo wa 0.2 kabla ya kutamani kalorimita ya shaba, ambayo yenyewe inakula joto.

Koroboi ya ethanoli, inayowashwa kupasha maji ya kopo, ni balaa jingine, grafu haiiokoi. Kati ya kilojuli 1,367 kwa moli, wengi hawafikishi hata nusu, kwani mwali unalamba pembeni na kuacha masizi chini ya kopo. Zungushia kipande cha bati, sogeza kopo karibu na ncha ya mwali, na ukizima tu, funika utambi na upime uzito papo hapo. Utambi ulio wazi unaendelea kupoteza ethanoli, na mizani itaihesabu kana kwamba iliungua.