Kiti cha pweza si kiti

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu baharini pale Kenyatta beach, Mombasa, ilikuwa bamvua, maji yamekupwa hasa, unatembea mbali mno na magoti bado makavu. Nikasema leo huyu mtoto ataona mambo. Mambo nikayaona mimi.

Jamaa wa boti ya sakafu ya kioo amepanga viti vya pweza watano, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, juu ya mchanga mkavu, ule wa kuchoma nyayo, saa sita jua la utosi, na watu wamepiga foleni ya picha. Mmoja kichwani, mmoja kila bega, kuna dada alijibandika mmoja kifuani kama bruchi. Hamsini bob. Nikamwambia yule jamaa, "Babangu, hawa utawaua." Akacheka, "Ah mamangu, hii haina shida, hii ni kama jiwe tu."

Hii. Hapo ndio damu ikanipanda.

Kwa sababu kipepeo tunasema anaruka. Kiboko anakula, sijawahi kusikia mtu akisema kiboko kinakula. Hata kinyonga, ambaye tukimwona tu tunaokota mawe kwa imani zetu za ajabu, bado ni huyu. Lakini maskini huyu kwa vile wazee walimwita kiti basi amekuwa fanicha, anainuliwa, anapangwa, akikauka anatupwa.

Nikamchukua mmoja, kijivu na vile vinundu vyekundu mgongoni, nikamrudisha majini nikamwekea mtoto kiganjani, huko huko ndani ya maji. Nikamwambia tulia. Kitambo kizima hakuna kitu, nikaanza kuogopa tumechelewa. Halafu kwenye mifereji ile ya tumboni ikatoka miguu, midogo, mingi, laini kama tambi zilizoiva, ikaanza kumpapasa vidole. Mtoto akaninong'oneza, "Auntie, ananishika."

Miaka sita. Ananishika, akasema, na ngeli hajafunzwa!

Na miguu hiyo inasimama kwa maji ya bahari anayoyavuta ndani ya mwili wake, na mapafu hana, anapumua kwa hiyo miguu na kwa vingozi vyembamba mgongoni, sasa wewe ukimuweka juani hana pa kuvutia pumzi. Kila ncha ya mkono ina kidoa cha jicho. Haoni sura yako wala simu yako, anajua mwanga na giza na vivuli vya vitu vikubwa tu, kwa hivyo shukuru hajaona hiyo pozi.

Bibi yangu alikuwa akitupeleka mwambani wakati wa bamvua, na ukigeuza jiwe akikusimamia mpaka ulirudishe vile vile lilivyokuwa, maana wa chini yake hawakuzoea jua. Shule alikuwa hakwenda.

Haya, najua, low season ni ngumu na jamaa ana watoto wa kulisha. Na mie mwenyewe jioni sikipiti kibanda cha supu ya pweza bila kikombe kimoja, kwa hivyo msinitolee macho. Lakini pweza yule ameliwa. Huyu anauliwa kwa ajili ya status ya WhatsApp. Jongoo bahari wanaokaushwa kupelekwa China, na makombe yanayouzwa barabarani, hayo siku nyingine nikiwa nimekula. Na marine park iko hapo hapo usoni petu, tangu 1986, ndani yake hata kombe huruhusiwi kutoa, na boti hizo hizo ndizo zinazokupeleka kuona! Si umuoneshe mtu kiti cha pweza akiwa kwake, kupitia hicho kioo chako, na hamsini yako uchukue?

Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema sawa mamangu, umesema kweli, akawarudisha wote watano majini mbele yangu, taratibu kabisa. Tukaenda kununua madafu. Nilipogeuka, kimoja ashakiinua tena.

Ashamuinua. Samahani.